Mteja Aliyemfanya Bibi Ajifiche

Juzi nilikuwa namchongea mjukuu wangu penseli, harufu ya ile mbao ikanipanda puani, nikasahau nilichokuwa nafanya. Penseli nyingi za siku hizi hazinuki chochote, lakini hiyo ilinuka mwerezi. Kwa watu wengi hiyo ni harufu ya shule. Kwangu mimi ni harufu ya jiko la bibi yangu, mama yake mama, pale Lushoto enzi za Mwingereza, ambapo kuni zetu zilikuwa vipande vya mwerezi vilivyoshushwa na malori kutoka kwenye viwanda vya mbao vya Shume. Wenzangu wa rika langu mliokulia milimani mtanishuhudia kwamba jiko la mwerezi hunukisha hata maji ya kunywa. "Bibi, mbona unanusa penseli yangu?" mjukuu aliniuliza. Nilimrudishia penseli yake, kwa sababu jibu lilikuwa refu kuliko subira yake. Jibu lenyewe ndilo hili.

Bibi alikuwa na hoteli. Tuliita hoteli kama watu wa kwetu waitavyo, yaani mahali pa kula, bila kitanda hata kimoja. Ilikuwa ndani ya posta ya zamani, jengo la mawe lililoachwa na Mjerumani juu kidogo ya soko, lenye kuta nene hata mtoto wa umri wangu aliweza kujilaza dirishani akapitiwa na usingizi bila hofu ya kuanguka. Mwingereza alipojenga posta yake mpya, hii ya zamani iliachiwa popo. Babu, ambaye sikumjua, alibeba mifuko ya barua miaka mingi kati ya Mombo na Lushoto, na alipofariki bibi alikwenda bomani kuomba apangishwe lile jengo. Alikubaliwa. Popo waliondoka wenyewe baada ya kuonja moshi wa mwerezi.

Ndani palikuwa na vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, na katikati ya ukuta uliovitenga palikuwa na kidirisha chenye kibao cha kupandisha na kushusha. Hapo ndipo karani wa Mjerumani alipouzia stempu. Bibi alikifanya chumba cha nyuma kuwa jiko, na palipopita barua zikapita sahani. Wateja waliokaa mbele waliona mikono yake na uso wake, na sauti yake waliisikia hata wasipotaka. Nilikipenda kile kidirisha kupita maelezo. Nilikuwa najiuliza kila siku zile barua za zamani zilikwenda wapi, na kama kuna moja iliyonasa ukutani ikasahauliwa, na mara nyingi nilichokonoa nyufa kwa kijiti cha ufagio nikiitafuta.

Orodha ya vyakula haikuwapo. Bibi alipika kilichoiva wiki ile, na alikitangaza kwa kukining'iniza mlangoni. Ukikuta fungu la majani ya maboga limefungwa kwa ukambaa, ulijua leo ni mboga ya maboga na ugali. Ukikuta mahindi mabichi na maganda yake, ulijua kuna makande, tena yale laini ya kwanza ambayo hayana haja ya kuloweka. Uyoga ulimaanisha masika yameanza. Wakati wa plamu alining'iniza tawi zima na majani yake, na watoto wa jirani walilimaliza kabla ya adhuhuri. Wanawake wa Mlola walishusha viazi vikuu, wa Malindi ya huko kwetu milimani maharage, wakifika mlangoni wanasalimu kwa Kishambaa "Onga mshi!" na bibi anawaitikia kutoka kwenye moshi. Mteja aliyetaka chakula cha msimu mwingine aliambiwa arudi huo msimu ukifika. "Hapa si Muheza," bibi alikuwa akisema, kwani aliamini kwamba huko Muheza kila tunda huiva kila siku. Hakuwahi kufika.

Mama yangu ndiye aliyehudumu mezani. Barazani alikaa Babu Omari, mdogo wake bibi, fundi cherehani ambaye mdomo wake ulikwenda kasi kuliko cherehani yake. Nami nikitoka shuleni nilikuwa hapo hapo, nauliza maswali. Baba yangu sikumjua. Nilichojua ni kwamba yuko mkonge. Ndivyo nilivyoambiwa nilipoanza kuongea, na kwa kuwa sikuwahi kuona shamba la mkonge, nilidhani mkonge ni nchi iliyo nyuma ya milima, ambako watu huingia na njia hufungwa nyuma yao.

Ukweli niliujua baadaye, na ni mfupi. Baba alishuka kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya mkonge, akatuacha kwa ndugu zake Mlola, kisha akanyamaza. Hakutuma salamu wala mtu. Mama alisubiri mpaka bibi akachoka kwa niaba yake, akapanda Mlola, akamchukua binti yake na mimi mgongoni, akarudi nasi Lushoto. Talaka haikutolewa, lakini bibi alimwambia kila aliyeuliza, "Mimi sina mkwe. Nilikuwa naye, akaliwa na mkonge."

Basi, siku ya uyoga wa kwanza aliingia mtu nisiyemjua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lililomzidi mabega. Kabla ya kuvuka kizingiti alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu asiyeumwa kifua. Papo hapo kibao cha kidirisha kikashuka, pa! Kilibaki kijinafasi cha kupitisha sahani tu. Nilikimbilia jikoni kwa mlango wa nyuma nikamkuta bibi amejifunika kanga mpaka machoni, amekaa nyuma ya chungu kikubwa kama kuku aonaye mwewe.

"Bibi, kuna nini?"

"Hamna kitu. Peleka chumvi kwa mama yako."

"Yule nani?"

"Mtu."

Ninyi mliolelewa kwa adabu za kwetu mmeshaelewa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja wakaonana, na mkwe anayekaribia hukohoa ili mzee wa watu apate nafasi ya kujisitiri. Lakini mimi nilikulia katika nyumba isiyo na mkwe. Ningeijulia wapi hiyo? Nilichokiona ni kwamba bibi yangu, aliyewahi kumfukuza bwana shamba kwa mwiko kwa sababu alimhubiria habari za matuta wakati wali unaungua, alikuwa akimwogopa mtu mmoja mwembamba. Kitu cha kumtisha bibi kilipaswa kuwa kikubwa sana, na mimi niliazimia kukijua.

Alirudi kila siku ya gulio. Alikula chochote kilichoning'inizwa mlangoni, akamaliza, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Mama alimhudumia kama mteja mwingine yeyote, ila hakumtania kama alivyowatania wengine. Naye hakumtazama mama, wala mimi, wala kidirisha. Alitazama dari. Alipomaliza kula alisimama, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ngo ngo, akangoja kidogo, ndipo akatoka. Nikaenda kugonga mahali palepale. Niliweka sikio kwenye jiwe. Nilichunguza dari aliyoitazama, nikaona boriti za Mjerumani zilizoliwa kidogo na wadudu, na hapo hapo nikapata jibu langu.

Mjini kulikuwa na maneno kwamba Serikali inataka kubomoa majengo mabovu ya Mjerumani. Mtu anayetazama boriti na kugonga kuta anapima jengo. Yule alikuwa mtu wa Serikali, na alikuja kutunyang'anya posta yetu. Ndiyo maana bibi alijificha, ili asipewe hiyo habari mkononi. Nikiri kwamba hata leo naiona hoja ile kuwa nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba haikuwa kweli.

Nilimuuliza Babu Omari barazani. Alitoa pini mdomoni, akacheka. "Huyo? Huyo anakula uyoga kwa woga. Kamuulize mwenyewe."

Watu wazima barazani walikuwa na mjadala wao, na mimi niliusikia bila kuuelewa. Mmoja alisema ni utovu wa adabu ulioje, mtu kwenda kula mbele ya mlango wa mkwewe. Babu Omari alisema hoteli si nyumba ya mtu, hoteli ni njia, na njia haina mkwe. Huyo mtu hawezi kubisha hodi nyumbani alikokosea bila wazee na bila mbuzi, na mbuzi hana, ndiyo maana anabisha ukutani, lakini nani atamkataza mwenye njaa kununua chakula? "Amepata tundu la sheria," alisema, akakanyaga cherehani yake kwa furaha. Mimi niliposikia sheria nikazidi kuamini kwamba ni mtu wa Serikali.

Nikamuuliza mwenyewe. Nilisimama mbele ya meza yake alipokuwa amemaliza mboga ya maboga.

"Unatafuta nini kwenye ukuta wetu?"

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza, na alinitazama muda mrefu kiasi kwamba nilipapasa uso wangu kuona kama nimepakaa masizi.

"Natafuta pa kupita, mwanangu," alisema.

"Zaina!" mama aliita, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Toka hapo. Nenda kwa babu yako."

Nikaenda mbio. Pa kupita! Kumbe wanaubomoa kabisa.

Masika yalipungua, ukungu ukaanza kuondoka asubuhi, na maharage mabichi yakaingia. Siku ambayo bibi alining'iniza fungu la kwanza la maganda mlangoni, Mzungu mmoja wa bomani alipita na karani wake, wakasimama barabarani, wakalitazama paa letu, karani akanyoosha mkono kuonyesha kitu. Kisha wakaenda zao. Walikuwa wanazungumzia nini sijui mpaka leo, pengine mvua tu. Lakini mimi niliona kwamba siku imefika. Ilikuwa siku ya gulio, na yule mtu alikuwa amekaa ndani anakula maharage.

Nilifikiri hivi: kinachowafanya wabomoe jengo ni kudhani limeoza. Akiona jikoni, ambako kuta ni nzima na sakafu haina ufa, atawaambia wenzake waliache. Nikaingia, nikaushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu miwili, nikavuta.

"Njoo uone huku. Huku kuta ni nzima kabisa."

Nilitegemea agome. Alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa na uzito wa debe tupu. Lakini alisimama, akanifuata. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini, naye alisema kwamba baada ya ule mkono kumshika hakujua tena miguu inaelekea wapi. Mama alikuwa nje anamwaga maji. Nikamvuta mpaka barazani, tukazunguka nyumba, tukapita penye viwavi, yale majani yanayowasha, nikasukuma mlango wa nyuma.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya jiko, kanga mabegani, uso wazi, mwiko mkononi. Hakusikia kikohozi, maana mkwe mwenyewe alisahau kukohoa. Wakaonana uso kwa uso.

Sijapata kuona watu wazima wawili wakienda kasi namna ile. Bibi alinyakua ungo akajikinga uso, maharage yaliyokuwa ndani yakatawanyika sakafuni yakilia kama mvua. Yule mtu akageuka mgongo, akatoka mbio, na ule mlango wa Mjerumani, uliojengwa kwa watu wafupi sijui wa wapi, ukampiga paji la uso mpaka akakaa chini. Bibi akapiga ukelele mmoja mrefu wa Kishambaa nisioweza kuuandika. Babu Omari alifika na futi shingoni, akaangalia ungo, akaangalia mtu aliyekaa kwenye viwavi, akasema kwa sauti ya mtu aliyepata zawadi, "Haya. Sasa mbuzi lazima."

Ndivyo mila ilivyo. Mkwe akimwona mama mkwe uso kwa uso lazima aibu ifutwe, na haifutwi ila kwa wazee kukaa na mbuzi kuletwa. Kikao kile ambacho baba hakuweza kukiomba tangu aliporudi, mimi nilikuwa nimekiitisha kwa kumvuta mkono.

Walikaa Ijumaa baada ya swala, hoteli ikiwa imefungwa kwa wateja. Upande mmoja Babu Omari, upande wa pili yule mtu na mzee mmoja wa ukoo wake aliyeshuka naye kutoka Mlola, na mbuzi aliyekopeshwa na ndugu alifungwa kwenye nguzo ya baraza. Bibi alikuwa jikoni, kibao kimeshushwa, anapika huku anasikiliza. Mama alisimama karibu na ukuta. Mimi nilisahauliwa dirishani, jambo ambalo namshukuru Mungu.

Mzee wa Mlola alieleza, akaomba radhi. Alisema kijana alifanya kosa, na kijana huyo alikuwa na mvi tayari. Alisema huyo kijana aliugua huko mkongeni, akaona haya kurudi mikono mitupu, na haya ikawa miaka. Hapo ndipo nilipoanza kusikia maneno mkwe, na mume, na mtoto, yakizunguka chumbani, na kichwa changu kikaanza kuyafuata polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Sauti ya bibi ikatoka ukutani. "Mwambieni arudi na mbuzi wake. Mimi sina mkwe."

"Umesema huna mkwe?" Babu Omari aliuliza.

"Nimesema miaka yote, wewe ulikuwa unashona."

"Vema." Babu Omari alijinyoosha. Sijui kama alipanga kabla au ulimi wake ulimpeleka tu, maana ulikuwa na tabia hiyo. "Kama huna mkwe, basi hakuna aliyekosewa. Huyu ni mteja aliyeingia jikoni, nasi tunamsamehe. Mbuzi arudi Mlola. Lakini wewe dada, ulikuwa unamkimbia mteja kwa nini masika yote? Pandisha kibao umtazame. Mtazame kama unavyomtazama muuza chumvi. Macho hayana pazia."

 Sote tulitazama kidirisha. Nilisikia bibi akisogea, kanga ikikwaruza ukuta, na kidole chake kikagusa kibao, maana kilitikisika. Yule mtu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua. Nilielewa, mtoto kama nilivyokuwa, kwamba kibao kikipanda, huyu mtu ataondoka na hatarudi tena. Na nikagundua, kwa mshangao mkubwa, kwamba sitaki aondoke. Nilikuwa sijamaliza kumuuliza.

Kibao hakikupanda.

"Basi ni mkwe," Babu Omari alisema taratibu, bila utani. "Na mbuzi ni wetu." Kisha akamgeukia mama. "Hayo ni ya mama yako. Lako hatujalisikia. Mwanangu, unamtaka au humtaki? Hakuna atakayekushika mkono."

Mama alianza kwa kufuta meza iliyokuwa karibu naye. Alikuwa mtu wa kufikiri hadi wengine wakakosa raha.

"Siku ya kwanza alipoingia," alisema mwishowe, "nilimwambia chakula nitampa, ila akithubutu kumwambia mtoto yeye ni nani, asikanyage tena. Nilitaka nione. Huyu niliyeolewa naye alikuwa hawezi kuficha hata bei ya kofia. Amekaa humu, mtoto anamzunguka, anamuuliza, anagonga kuta mbele yake. Hakusema." Akakunja kitambaa cha meza. "Nilimwona akitazama dari. Nilijua kwa nini anatazama dari."

Alikuja dirishani, akanishusha, akanishika mabega.

"Zaina, huyu ndiye baba yako. Msalimie."

Mimi niliyekuwa na swali kwa kila jiwe la nyumba ile sikuwa nalo hata moja. Nilitembea hadi mbele yake. Ule uvimbe alioupata mlangoni ulikuwa bado kwenye paji la uso.

"Shikamoo, baba."

Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilijua kwamba mtu mzima haachi shikamoo ya mtoto ikaning'inia, kwa hiyo nikadhani nimekosea namna ya kusema. Nikarudia kwa nguvu zaidi. "Shikamoo, baba!" Bado hakuitikia, mzee wa Mlola anakohoa, mama amegeukia ukuta.

Ndipo bibi akasema kutoka nyuma ya kibao, kwa ukali wake wote, na kwa heshima yake yote, bila kumtaja wala kumwelekea:

"Mwambieni mkwe wangu amwitikie mtoto, chakula chake kinapoa."